Kigoda cha Mkubwa

Hapo zamani, nyumba ya Bibi Nyamizi ilipokuwa bado ya udongo na nyasi, kulikuwa na kigoda cha miguu mitatu. Aliyekikalia ndiye aliyewapa watoto wa ukoo majina, na mtoto asiye na jina hakutolewa nje. Bibi alipokaribia kufa alisema neno moja tu: kigoda akikalie mkubwa. Akafa bila kueleza.

Mwezi haukuisha, Shoma, mke wa mjukuu wake, akajifungua. Siku ya saba uji ulikuwa tayari, watu wameketi uani, na Shoma amesimama ndani ya kizingiti, mtoto mikononi. Kigoda kilikuwa kitupu. Wanawake watatu wakakiendea.

Mhoja, mjukuu wa Bibi, aliwazidi wote umri. Kabula alikuwa mtoto wa Bibi mwenyewe, kitindamimba, aliyezaliwa miaka saba baada ya Mhoja. Hata hivyo Mhoja alimwita mama mdogo. Limi, mdogo wake Mhoja, alizaliwa nyuma yao wote wawili.

"Mkubwa ni aliyetangulia kuliona jua," Mhoja alisema.

"Mkubwa ni anayeamkiwa," alisema Kabula. "Asubuhi hii umenipa shikamoo, mwanangu, nami nikaitikia."

"Nilikupa, mama mdogo. Na mgongo wangu unakumbuka ulivyoulowesha."

Watu wakacheka, Kabula akacheka kuliko wote.

Limi alingoja wanyamaze. "Mkubwa ni anayeitwa jambo likitokea. Upepo ulipoezua paa, mlimwita nani? Bibi alipougua miaka minne, nani alimlisha? Wageni wakimuuliza mkubwa wa nyumba, ninyi wenyewe mnawaonyesha mimi."

Hakuna aliyembishia, wala aliyewabishia wale wawili. Wakajaribu kukumbuka Bibi mwenyewe alivyolitumia neno lile. Alimwita Mhoja mkubwa alipowagawia watoto chakula. Alimwita Kabula mkubwa ukoo ulipopanga harusi. Alimwita Limi mkubwa alipokuwa kitandani, hawezi kuinuka.

Uji ukaanza kupoa. Mtoto akapiga chafya. Shoma akauliza kwa upole, "Mama zangu, nitoke, au nirudi ndani?"

Wote watatu wakajibu kwa pamoja, "Toka."

Naye akainua mguu. Sasa ninyi mnaosikiliza, kabla mguu huo haujakanyaga uani, semeni: kwenye kigoda mngemkalisha nani, na mkubwa ni nani?