Mkunde na Majani Matatu ya Isale

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni. Na wewe unayetafuna hindi, tafuna polepole, nisikike. Zamani hizo, wanyama walipokuwa bado wanatuitikia salamu, aliishi mlimani mwanamke kijana, Mkunde. Mama yake, Bibi Ndeshi, alikuja kumtunza alipokuwa mjamzito. Siku moja Mkunde akachoka kuelekezwa, akamfokea mbele ya wakwe: "Mama, kelele zimezidi! Rudi kwako!" Bibi akachukua kikapu chake, akaondoka bila kuaga.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mzuri ajabu. Lakini kwao jina hutolewa na bibi mzaa mama, na bibi yuko ng'ambo ya mlima, amenuna. Basi mtoto akawa anaitwa "wewe" tu. Mkunde akalia hata akakonda. Mwishowe akachuma uani kwake majani matatu ya isale, jani la kuombea msamaha, ambalo kwao halikataliwi. Akambeba mtoto mgongoni, akaanza safari.

Akavuka kijito, akakitibua. Nyati akainua kichwa.

"Nani anachafua maji yangu?"

"Ni mimi Mkunde, mtoto mgongoni, kosa moyoni. Nisamehe, babu."

Akampa jani moja. Nyati akalinusa. "Isale haikataliwi. Pita."

Akapanda, akapanda, akapanda. Msituni akavunja tawi la kujikongojea. Mbega akapiga ukelele huko juu.

"Nani anabomoa kitanda cha wanangu?"

"Ni mimi Mkunde, mtoto mgongoni, kosa moyoni. Nisamehe, dada."

Jani la pili likaenda. "Isale haikataliwi. Pita."

Akapanda, akapanda, akapanda. Ukungu ukashuka, akakanyaga kitu laini. Lahaula! Mkia wa chui!

"Nani anakanyaga mkia wangu?"

Alibaki na jani moja, nalo ni la mama. Akalitazama. Mtoto akapiga chafya. Akalitoa.

"Ni mimi Mkunde, mtoto mgongoni, kosa moyoni. Nisamehe, bwana mkubwa."

Chui akamtazama mtoto, akalamba midomo, akalitazama jani. "Bahati yako! Isale haikataliwi. Pita, tena upite upesi!"

Hakungoja kuambiwa mara mbili. Alikimbia mpaka kwa mama yake. Ua wote pale ulikuwa wa isale, umestawi. Lakini nani humwomba mtu msamaha kwa jani la uani kwa huyo huyo anayeombwa? Ni sawa na kumkaribisha mgeni kwa chakula alichokuja nacho. Mkunde akasimama nje, mikono mitupu, akaangua kilio.

"Mama, nilikuja na majani matatu! Yote yameishia njiani!"

Ua ukatikisika. Bibi Ndeshi akatokeza, kikapu kichwani, jani la isale mkononi.

"Hili nimelichuma sasa hivi, nije nalo kwako," akasema. "Nilikuacha na mimba yako bila hata kukuaga, mwanangu."

"Mama! Wewe ndiwe wa kuniomba mimi?"

"Isale haikataliwi. Pokea, upite ndani."

Mkunde akapokea kwa mikono miwili, akacheka huku analia, akahisi kifua kimekuwa chepesi. Bibi akamfungua mtoto mgongoni, akamwinua juu.

"Huyu ni Ndeshi, kama mimi."

Ndeshi mdogo akampigia chafya usoni.

Ngano yangu naitua hapo, penye ua ule. Haya, kila mtu akamuage mama yake, akalale.