Namsifu na Moto Usio na Joto

Wazee waliotutangulia katika imani walituachia habari hii, nami nawapa kama nilivyopewa. Walisema kwamba zamani za Wakristo wa kwanza wa milima ya Upare, kule juu ambako ukungu huingia hadi jikoni bila hodi, aliishi mjane mcha Mungu jina lake Namsifu. Mwanamke huyu alikuwa mtoaji. Ukisikia fulani anaumwa, ujue uji wa Namsifu umeshafika. Lakini kupokea, hapana. Ukimpelekea mkungu wa ndizi, kesho yake anakuletea miwili, nawe unabaki umeduwaa na ndizi zako. Watu walimsifu kwa hilo. Mimi nasema walimharibu.

Wakristo wale walikuwa na desturi yao ya Noeli. Siku ya mkesha kila nyumba ilizima moto na kufagia majivu, mafiga yakabaki matupu. Asubuhi, baada ya ibada, moto mpya ulitoka kanisani juu kilimani ukashuka nyumba hadi nyumba. Jirani wa juu anakuletea makaa kwenye kigae, anasema, "Mtoto amezaliwa." Unapokea, unawasha, kisha unampelekea jirani wa chini. Hakuna aliyeruhusiwa kujiwashia. Maana yake hata mtoto mdogo aliielewa: furaha ya siku ile hujipi mwenyewe, unapewa, halafu unatoa.

Jirani wa juu wa Namsifu alikuwa Mbonea, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Mwaka mmoja, kabla ya Noeli, Mbonea na Elinami, mumewe Namsifu, walikwenda msituni kukata boriti za kanisa. Ukungu ukawapoteza, na akarudi Mbonea peke yake. Elinami aliokotwa amekufa kwa baridi. Mbonea hakueleza kitu, wala Namsifu hakuuliza. Alifunga mlango wake, na moyo akaufunga pamoja nao.

Noeli ikafika, na Mbonea akaja na kigae. "Hodi, shemeji. Mtoto amezaliwa."

"Rudi nacho," Namsifu akajibu kutoka ndani. "Mkono huo haunipi kitu."

Mbonea akakiweka kigae kizingitini, akaondoka. Namsifu akatoka akayamwagia makaa maji. Wanasema ukungu uliteremka saa ile ile, mzito, mchana kweupe, hadi ndege wakanyamaza. Na kutoka nyumba ya chini, iliyokuwa ya mwisho kabla ya msitu, akasikia kilio cha kichanga. Mkaza mwana wa Bibi Nakiete alikuwa amejifungua alfajiri ile, na nyumba yao ilikuwa ikingoja moto.

Namsifu hakuwa katili. Alichukua vijiti vyake akapekecha, moto ukawaka, akaukokea kuni hadi miali ikarefuka. Aliponyoosha mikono aote, hakuhisi kitu. Akasogea. Akapitisha mkono katikati ya mwali: ulikuwa baridi kama maji ya mtoni. Moto ule haukuwa na sauti wala moshi. Najua wapo watakaosema kuni zilikuwa mbichi. Haya, waseme.

Kwa kiburi chake akajiambia kuwa ni uchovu tu. Akatia makaa yake kwenye chungu, akashuka nayo. Bibi Nakiete aliyapokea kwa mikono miwili, akawasha. Chumba kikajaa mwanga na baridi ikazidi. Waliketi kuuzunguka moto wakitetemeka, na ingawa miali ilicheza, vivuli vyao ukutani havikutikisika hata kidogo. Mama wa mtoto alikibana kichanga kifuani na kukipulizia pumzi zake. Kikaacha kulia. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Mwanangu," Bibi Nakiete akauliza taratibu, "moto huu umepewa na nani?"

Ilikuwa rahisi kusema amepewa na Mbonea. Nani angejua? Namsifu alikitazama kile kichanga, na uongo ukamshinda.

"Sikupewa na mtu, Bibi. Nilioletewa niliumwagia maji. Huu nimejiwashia."

"Basi huu si wetu," mzee yule akasema. "Nenda ukapokee. Fanya upesi, mtoto anatutoka."

Namsifu akapanda. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hakuiona miguu yake mwenyewe. Katikati ya njia akasikia mtu anatembea mbele yake polepole, akikohoa kikohozi kifupi, kikavu, alichokizoea nyumbani kwake miaka yote ya ndoa. Akaita jina la mumewe. Hatua zikasimama. Alipoanza kutembea, nazo zikaendelea. Alitaka kukimbia arudi. Hofu ilimshika mpaka akalia. Lakini alimfikiria mtoto, akazifuata hatua zile huku akisali, hadi zikakoma mlangoni kwa Mbonea. Hapakuwa na mtu.

Ndani, Mbonea alikuwa ameinama mbele ya moto wake. Namsifu akapiga magoti.

"Shemeji, nimekuja kuomba. Sina cha kukurudishia. Nipe moto, mjukuu wa Bibi Nakiete anakufa."

Mbonea akajaza kigae. Kisha akapapasa juu darini akatoa blanketi, na Namsifu akalitambua kabla halijakunjuliwa.

"Elinami alinifunika nalo kule msituni," Mbonea akasema. "Mimi nilikuwa nimezimia. Nilipozinduka, nimefunikwa, naye amelala pembeni yangu, amekwisha kukata roho. Ningekuambiaje, shemeji? Kwamba mimi napumua kwa sababu yeye hapumui?"

Namsifu alilia pale pale, kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi. Halafu akapokea kigae, akapokea na blanketi, akasema, "Ahsante." Walishuka mbio wote wawili.

Makaa yalipowekwa mafigani, kuni zikaanza kulia na moshi ukawajaa machoni, nao wakaufurahia. Wakamfunga mtoto katika blanketi la Elinami. Walingoja, wakasali, wakangoja tena. Rangi ikarudi midomoni, kisha kichanga kikalia kwa hasira ya njaa, na mama yake akacheka huku machozi yakimtoka.

Namsifu akainuka haraka kwenda kuwaletea unga. Bibi Nakiete akamshika mkono. "Keti. Leo utalishwa." Mbonea akamnawisha mikono na kumwekea kande. Alikula, kwanza kwa aibu, na baadaye kwa furaha ambayo kila aliyekuwapo aliiona usoni pake.

Ndugu zangu, wako watu kanisani leo wanaotoa na kutoa, na kila Noeli inawapita wakiwa na baridi moyoni. Watazame horini. Yeye aliyeumba jua alikuja hana hata nguo. Akavishwa, akanyonyeshwa, akapashwa joto na watu aliowaumba mwenyewe. Ikiwa Mungu hakuona haya kupokea kutoka mikononi mwetu, wewe ni nani?