Lori la Mwanaidi Lililochelewa Kushika Gia

Sogeeni karibu, niwape fumbo ambalo watu wa Soni bado wanabishania.

Katika gereji moja pale Soni, kwenye milima ya Usambara, walikuwepo mafundi watatu. Namkunda alijaliwa pua: akinusa oili, anajua imepitia mateso gani. Mzee Sechonge alijaliwa masikio: gari likipita barabarani, yeye yuko ndani na anautaja ugonjwa wake. Kihiyo alijaliwa vidole: akipapasa kitu, huona yale ambayo macho yameyapita.

Siku moja akaja Mwanaidi Shemdoe, dereva na mwenye lori kuukuu la gia otomatiki linaloteremsha kabichi za wanakijiji hadi Mombo. Alikuja kwa miguu.

"Gari liko wapi, mwanangu?" Mzee Sechonge akamuuliza.

"Nyumbani, Mzee. Naliogopa. Nilisimama mlimani kupisha basi. Nilipoweka D, gia ya kwenda mbele, na kuachia breki, likakaa kama halikunisikia, likaanza kurudi nyuma. Lilipokuja kushika gia, tairi zilikuwa zimeshaponda ndoo za akina mama bombani. Ndoo tu, namshukuru Mungu. Sasa naambiwa giaboksi imekufa, niliuze kama chuma chakavu. Na kabichi za watu zinaoza shambani."

Wakaongozana naye. Walimkuta mnunuzi wa chuma chakavu keshafika na minyororo yake.

Namkunda alitangulia. Injini ikinguruma, alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakitazama, akakinusa. Oili ilikuwa imefika kipimo, nyekundu, bila harufu ya kuungua.

"Klachi za ndani ni nzima," alisema. "Atakayeifumua giaboksi hii atakuwa amempasua mgonjwa wa mafua."

Mnunuzi akakunja minyororo yake, akaondoka.

Mzee Sechonge akataka gari lipoe, alisikilize linapowashwa likiwa baridi. Asubuhi yake waliweka mawe kwenye tairi, Mwanaidi akawasha. Akaweka D, gari likachelewa. Akaweka gia ya nyuma, likachelewa vilevile. Mzee alikuwa ameinama kando, akasikia mlio mwembamba, kama mbu aliyenaswa ndani ya chandarua.

"Zote mbili zinachelewa, basi ugonjwa uko kwenye kitu zinachokitumia zote, yaani oili. Inachelewa kufika kwa sababu pampu inavuta hewa."

"Hewa inaingilia wapi?" Mwanaidi akauliza.

"Hapo masikio yangu yamegota."

Basi Kihiyo akaingia uvunguni. Akafungua sinia la oili, akashusha chujio. Shingoni mwa chujio palikuwa na ringi ya mpira, na kila aliyeitazama aliiona nzima. Kihiyo akafumba macho, akaipitisha vidoleni polepole, vidole vikasita mahali pamoja.

"Hapa pamekauka." Akaikunja, na ufa ukafunguka kama mdomo; ndipo hewa ilipokuwa ikiingilia.

Akaweka ringi mpya, chujio jipya na oili safi.

Mwanaidi hakukubali mtu mwingine aliendeshe kulijaribu. Akapanda ule ule mlima. Bombani akina mama wakabeba ndoo zao wakakaa mbali. Akasimama palepale, akaweka D, akaachia breki. Lori likashika papo hapo na kupanda. Vigelegele vikasikika hadi sokoni.

Aliposhuka alisema, "Lori hili halijawahi kuwa na jina. Leo nalipa jina la aliyeliponya."

Lakini juu ya kioo cha mbele pana nafasi ya jina moja tu.

"Bila mimi," alisema Namkunda, "leo lingekuwa vipande kwa yule mnunuzi."

"Wewe ulisema mahali lisipoumwa," akajibu Mzee Sechonge. "Mahali linapoumwa nimesema mimi."

"Na maneno yenu yote hayakuziba ufa," akasema Kihiyo. "Nimeuona na kuuziba mimi."

Mwanaidi akamtazama mmoja baada ya mwingine, na kila aliyemtazama aliona anastahili.

Mchoraji ameshapanda ngazi, brashi imelowa, rangi inadondoka. Wewe uliyeketi hapo, mwambie: aandike jina la nani?