Zamu ya Maji ya Muhenna

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika bonde moja la Omani aliishi mja mwema akiitwa Muhenna bin Sarhan. Mji wao ulikunywa kwa mfereji mmoja uliotoka tumboni mwa jabali, na kila mwenye shamba alikuwa na zamu yake: kivuli cha kijiti kikifika alama, unafungua maji; kikivuka, unamwachia jirani.

Baba yake, Mungu amrehemu, alimwachia mitende kando ya njia ya mahujaji, pamoja na wasia: "Mwanangu, mpita njia asiipite mitende hii na njaa." Muhenna akaitikia. Lakini alikuwa mtu wa nia nyingi, kama sisi ambao kila Ramadhani tunatia azma za kumtosha mwenye umri wa Nabii Nuhu. Akapanda mikomamanga ya kuwatibu wagonjwa, midimu ya kugawa bure, na miasumini ya kunukisha msikiti. Kwa ajili ya asumini hiyo watu walimsifu mno.

Ukaja ukame. Mfereji ukasinyaa, ukawa kama uzi. Zamu ya Muhenna ilipofika, alifungua vijia vyote vya maji kwa pamoja, kila mti upate haki yake. Maji yakatawanyika, yakametameta kidogo juani, kisha mchanga ukayanywa kabla hayajafika shina lolote. Ikawa hivyo zamu baada ya zamu, hata makuti ya mitende yakageuka rangi ya majivu.

Mkewe, Bibi Thuwaiba, akamtazama. "Bwana wangu, leo tena umeukaribisha mchanga karamuni?"

"Nifanyeje? Yote ni ya kheri."

"Haya. Una kata moja ya maji, na msikiti mzima hauna udhu. Utamchovya kila mtu kidole?"

Muhenna akacheka. "Hapo hataswali mtu."

"Basi," akasema Bibi Thuwaiba, akaenda zake.

Muhenna akaegemea ukuta wa shamba kungoja zamu, na jua la adhuhuri likamtia usingizi. Akaona shamba lake likitembea polepole ndani ya ukungu mweupe, miti imeinua mizizi kama watu wanaoinua kanzu wasilowe. Kila mti ulimwita. Asumini ilimwita kwa sauti za wale waliomsifu. Mitende pekee haikusema neno. Ilikuwa imeelekea njiani, kama mwenye kungoja mgeni. Akaamka na machozi.

Kivuli kilipogusa alama, akachota udongo mbichi, akaziba kijia cha midimu, kisha cha mikomamanga. Alipofika kwenye asumini, mkono ukawa mzito.

Jirani akachungulia ukutani. "We Muhenna! Unainyima nyumba ya Mungu manukato?"

"Jirani, wallahi, harufu ile nilikuwa nainusa mwenyewe."

Akaziba. Maji yote yakaenda kwenye mitende.

Miasumini ikafa, na watu wakamsema, akasubiri. Msimu wa mavuno akapita hujaji mmoja amejaa vumbi. Akala tende hadi akashiba, akafunga nyingine katika kilemba, akaenda zake bila kuuliza ni za nani. Nyuma ya ukuta, Muhenna akasujudu.

Ndugu zangu, nami nimezunguka nchi nyingi na kula tende za watu, na sikumbuki hata siku moja kuuliza nani alizinyweshea. Mola atujaalie kuujua mti tulioahidi, na atupe nguvu ya mkono pale penye kijia kinachotupendeza.