Kiti cha Bi Leokadia

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ya juzijuzi tu, watu wakiwa tayari na simu mfukoni na kuku uani, palikuwa na kampuni iliyouza mashine za kutotolesha vifaranga. Ukiyaweka mayai ndani, mashine huyapa joto na kuyageuza yenyewe, na baada ya wiki tatu unasikia vilio vidogo vidogo. Wateja walitapakaa nyanda za juu, kutoka Rungwe hadi Ludewa. Mashine ikimsumbua mtu, alipiga simu Iringa, kwenye chumba kirefu cha ghorofani ambako vijana waliketi mistari miwili, wakipokea simu kutwa nzima.

Chumba kile kilikuwa na desturi zake. Simu ilitakiwa iishe upesi. Ikiisha upesi, aliyeipokea alisimama, akagonga kengele iliyoning'inia ukutani, wenzake wakapiga makofi, na jina lake kwenye skrini kubwa likawa la kijani. Ikichelewa, jina likawa jekundu. Na yule ambaye jina lake lilikuwa jekundu kuliko yote asubuhi, mchana alihamishiwa kwenye kiti chekundu kilichowekwa katikati ya chumba, akapokea simu pale peke yake huku wote wakimwona. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemsemesha pia.

Tena hawakuruhusiwa kujibu kwa akili zao. Makao makuu yaliwaandikia majibu, wao kazi yao kuyasoma. Vijana waliyaita sala. Waliulizana kwa kunong'ona, umeisoma sala, na aliyeulizwa akajibu kwamba ameisoma, ila mteja hakuitikia amina.

Mbele ya wote, kwenye meza yenye kitufe, aliketi kiongozi wa zamu, Bi Leokadia, mama wa makamo asiyeacha sweta hata jua likiwaka. Aliweza kuisikiliza simu ya yeyote bila mwenyewe kujua, na akibonyeza kitufe, simu inakatika. Kiti chekundu alikibuni yeye. Makao makuu walitaka simu fupi, yeye akawapa simu fupi, wakamsifu.

Kwenye mstari wa dirishani alikaa Sekela. Sekela alikuwa na shahada ya chuo kikuu na moyo usiotulia. Alikuwa mtu wa kuhakikisha: akishafunga mlango, anarudi kuusukuma. Kwenye simu alikuwa hivyohivyo, anauliza swali, halafu la pili, halafu anaomba mteja arudie, na kwa sababu hiyo kiti chekundu alikijua vizuri. Kila alipotoka pale alikwenda kunawa uso, akarudi, akajiambia kesho nitakuwa mwepesi kama Hiza.

Hiza alikaa naye bega kwa bega. Alikuwa kijana wa Lushoto mwenye ulimi mwepesi na sauti ya kuchangamsha, na kengele ile ilikuwa kama mali yake. Wenzake walimtania.

"Hiza, hivi wewe unamhudumia mteja au unamfukuza?"

"Namsindikiza," alijibu. "Tena namfikisha hadi barabarani."

Basi, asubuhi moja ya masika, simu zilianza kumiminika kabla vijana hawajamaliza chai. Usiku ule makao makuu walikuwa wamebadilisha kitu kwenye mashine zote, wakiwa hukohuko kwao, kwa njia ya mtandao. Sasa kila mteja alisema lilelile: mashine imewasha taa ya njano. Sala nayo ikaja kwenye skrini: mwambie mteja azime, asubiri kidogo, awashe.

Wakaisoma. Mteja akazima, akasubiri, akawasha, taa ikatoweka, akashukuru. Kengele ikalia. Mwingine akazima, akasubiri, akawasha, taa ikatoweka, akashukuru. Kengele ikalia. Hiza aliigonga hadi mkono ukamchoka. Hata Sekela aliigonga mara mbili, na jina lake likawa la kijani, na alipoliona akahisi kitu kimelegea kifuani. Skrini nzima ilikuwa kijani kama shamba la chai.

Karibu na adhuhuri, Sekela alipokea simu ya mama mmoja wa Rungwe. Alijitambulisha kuwa Mama Lugano, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Mashine ilikuwa nyumbani kwake, na ndani yake mlikuwa na mayai ya wanakikundi wote, kila mmoja alileta trei yake. Asubuhi alishapiga, akaambiwa azime na kuwasha, akafanya hivyo.

"Taa imetoweka, mwanangu," alisema. "Ila mayai yanapoa."

Sekela alimwuliza amejuaje. Mama Lugano akasema amelitoa moja akaliweka kwenye kope la jicho, kama mama yake alivyokuwa akifanya kwa kuku anayeatamia, na kope halidanganyiki.

Sekela akaitazama sala. Iliandikwa kwamba mteja akipiga mara ya pili, ashukuriwe, aambiwe malalamiko yake yamepokelewa, na simu ifungwe. Akaanza kusoma. Alisoma vizuri, kwa sauti ya tabasamu waliyofundishwa. Akafika kwenye kushukuru.

"Mwanangu," Mama Lugano akamkatiza kwa upole, "unaniaga?"

Kidole cha Sekela kilikuwa tayari juu ya alama ya kufunga simu. Akakiondoa.

"Sikuagi, mama," alisema. "Nipo. Hebu nisomee namba ya joto iliyo mlangoni pa mashine."

Mama Lugano akaisoma. Sekela akamwomba arudie, akarudia. Halikuwa joto la mayai. Lilikuwa joto ambalo mashine hutoka nalo kiwandani, kabla mwenye nayo hajaiwekea lake. Akamwuliza mayai yalianza kupoa lini, mama akasema ni baada ya kuzima; taa ilipokuwa ikiwaka yalikuwa na joto lake. Hapo Sekela akaelewa. Taa ya njano haikuwa na madhara yoyote; mtu angeiacha iwake tu. Kuzima ndiko kulikoisahaulisha mashine joto lake. Na asubuhi nzima, chumba kizima, wao ndio waliowaambia watu wazime.

Akaanza kumwelekeza namna ya kulirudisha joto, kitufe kwa kitufe, naye Mama Lugano macho yake hayakuwa mazuri, ikabidi wafanye taratibu. Wakati wakisubiri mashine ipate moto, mama aliita majirani, wakachemsha maji, wakayajaza kwenye madumu, wakayafunga kwa mablanketi na kuyapanga pembeni mwa mayai. Sekela alisikia vishindo vya miguu na sufuria. Alisikia mtu akiuliza huyo wa kwenye simu bado yupo, na Mama Lugano akijibu yupo, huyu hakati.

Jina la Sekela likageuka jekundu. Likapanda juu kabisa ya skrini. Wenzake wakaanza kumtazama. Hakufunga simu. Kwa mkono wa pili akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: USIZIME. ALIYEZIMA AWEKE JOTO UPYA. Akaipeleka mbele ya uso wa Hiza.

Hiza aliisoma. Alikuwa na mteja sikioni, sala machoni, na jina la kijani kuliko yote chumbani. Akaitazama karatasi tena. Kisha akaiondoa sala kwenye skrini yake.

"Baba, usizime," alimwambia mteja wake. "Kama umezima, soma hiyo namba ya mlangoni, twende pamoja."

Alichokuwa Sekela amekieleza kwa maneno mengi na wasiwasi mwingi, Hiza alikieleza kwa pumzi moja, na mteja akaelewa. Akamaliza huyo, akachukua mwingine. Kisha akafanya kilichokatazwa kabisa mle chumbani: akaanza kuwapigia mwenyewe wale aliowahudumia asubuhi, mmoja baada ya mwingine, akiwaambia kwamba alichowaambia kilikuwa kibaya, wakairekebishe mashine sasa hivi. Wengine walimfokea. Aliwaacha wafoke, akawaambia wafoke huku wanabonyeza.

Na kwa kuwa Hiza ndiye aliyeigwa na kila mtu, chumba kilimfuata. Karatasi ikapita mkono kwa mkono. Kengele haikulia tena siku ile. Majina yakageuka mekundu, moja, jingine, jingine, hadi skrini ikawaka yote.

Bi Leokadia alikuwa anasikiliza. Tangu Sekela alipoanza kumsomea Mama Lugano sala, alikuwa ameingia kwenye simu ile, na kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Aliyasikia maneno ya Mama Lugano, unaniaga. Hakubonyeza. Alisikia maji yakimiminwa kwenye madumu. Hakubonyeza. Kisha simu ya mezani kwake ikaita, na ilikuwa ya makao makuu.

Walitaka kujua chumba kimepatwa na nini. Walimwamuru aikate simu ile ndefu mara moja, na kila mtu arudi kwenye majibu yaliyoandikwa. Wakauliza ni nani aliyeanzisha utovu huu, atajwe jina, aondoke leo.

Bi Leokadia hakuwa amemwagiza mtu yeyote kitu chochote. Alisimama, na waliokaa karibu naye walimsikia.

"Wanafanya nilivyowaagiza mimi," alisema. "Andikeni jina langu. Leokadia, kwa herufi K."

Kabla ya jioni aliambiwa akabidhi meza. Alichukua chupa yake ya chai, akashuka ngazi. Sekela alikuwa bado na Mama Lugano, akisubiri kope liseme mayai yamepata joto, na hakumwona akiondoka.

Wiki zikapita, mayai ya Rungwe yakaanguliwa. Mayai mengi ya wale waliofikiwa na chumba kile yakaanguliwa pia. Ambao hawakufikiwa, mayai yao yaliharibika, nao wakasema, na safari hii walisema kwa sauti hadi mkurugenzi mwenyewe, Bwana Kyaruzi, akasafiri hadi Iringa. Alikaa peke yake akasikiliza simu zote za siku ile, zilizokuwa zimerekodiwa. Alipotoka, alisimama mbele ya vijana, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia au aliyejizuia kulia. Alisema siku zote aliona kijani, akadhani ndiyo furaha ya mteja. Akaagiza Bi Leokadia aitwe. Alipofika, akasema:

"Kiti cha mbele kiko wazi. Atakayekikalia ndiye atakayepanga desturi za chumba hiki kuanzia leo, na makao makuu hawatamwingilia. Ila kiti ni kimoja. Nataka ninyi watatu, Hiza, Sekela na Bi Leokadia, mseme, kisha chumba kichague."

Hiza akawa wa kwanza, kama kawaida yake.

"Mimi sitajifanya sikitaki," alisema. "Dada Sekela alimwokoa mama mmoja. Mama mmoja. Angebaki na karatasi yake hadi jioni, wengine wangefiwa na mayai wakiwa wanamngoja kwenye foleni. Ni mimi niliyewafikia watu. Na ninyi nyote mlinifuata mimi, maana yeye mlishazoea kumwona mwekundu. Kiongozi ni yule anayefuatwa."

Vijana wakacheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Sekela alisimama. Aligundua kwamba alikuwa anakitaka kiti kile kuliko alivyowahi kutaka kitu, na hilo lilimtia aibu.

"Kaka Hiza aliwafikia watu kwa kasi," alisema. "Asubuhi pia aliwafikia kwa kasi, akawaambia wazime. Mimi pia niliwaambia, sijivui. Lakini kasi haijui inabeba nini. Bila mtu wa kuuliza mara ya pili, tungekuwa tunagonga kengele hadi leo. Na nilibaki kwenye simu nikijua nitakaa wapi mchana. Nilikuwa naogopa, na nilibaki."

Hapo wengi waliwaza siku zao kwenye kiti chekundu.

Bi Leokadia alikuwa wa mwisho. Hakutoka alipokuwa amesimama, karibu na mlango.

"Wanangu, hawa wawili wamesema vizuri," alisema. "Sekela aliogopa kiti. Nilikitengeneza mimi. Hiza alikimbia kwa sababu nilimpigia makofi akikimbia. Sina la kujitetea. Ila kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, na ningebonyeza, hakuna karatasi ingeandikwa, wala hakuna wa kuifuata. Nyie mlihatarisha majina kwenye skrini. Mimi nilitoa mkate wangu, kwa ajili ya agizo ambalo sikulitoa. Na najua kila mahali nilipokiharibu chumba hiki, kwa hiyo najua pa kuanzia kukitengeneza."

Sekela alimtazama mama yule. Alimkumbuka akielekeza kwa kidole, bila neno, nenda kakae pale. Akakumbuka pia simu yake na Mama Lugano, ndefu kuliko zote zilizowahi kupigwa mle, na kwamba haikukatika. Alikuwa na majibu mawili, na yote mawili yalikuwa ya haki.

Bwana Kyaruzi aliwaambia wanaomtaka Hiza wanyooshe mikono, wakanyoosha. Wanaomtaka Sekela, wakanyoosha. Wanaomtaka Bi Leokadia, wakanyoosha. Akahesabu, akahesabu tena. Mikono ililingana. Na simu zilikuwa zimeanza kuita, mstari huu na mstari ule, watu wa Makete na Mbozi na Ludewa wakingoja kusikilizwa, na kiti cha mbele hakina mtu.

Haya, mliokuwa mnanisikiliza, mkono wa mwisho uko kwenu. Mmoja alisikia kilichokuwa hakisikiki. Mmoja akakifikisha kwa watu. Mmoja akaibeba lawama ili wenzake wafanye kazi, lawama iliyoota kwenye mbegu alizopanda mwenyewe. Je, nani alistahili kukaa pale?