Mpiga Mbiu Aliyesema "Nilijua"

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi wa yaliyopita, kwamba palikuwa na mji uitwao Ghadira, uliojengwa bondeni chini ya bwawa kubwa la maji. Katika mji huo aliishi mja mmoja jina lake Usaidi, na kazi yake ilikuwa kupiga mbiu. Liwali akiwa na neno la kuwafikishia raia, Usaidi husimama kwenye lango la soko, akapuliza pembe, kisha akalinadi neno hilo kwa sauti iliyofika hadi visimani.

Lakini ilikuwa yapata miaka saba tangu watu wa Ghadira waache kumsikiliza. Akipuliza pembe, muuza viungo aliendelea kupima bizari yake, na wasusi wa mikeka hawakuinua hata nyuso.

Sababu ilikuwa hii. Liwali wa zamani aliamuru itangazwe kwamba maradhi yameingia Mtaa wa Bondeni, basi watu wapande mlimani kwa siku tatu ili nyumba zifukizwe dawa. Watu wakatii. Waliporejea walikuta nyumba zimekombwa: masanduku, mazulia, hata vitasa vya milango. Maradhi hayakuwapo. Liwali yule aliondolewa, akaja mwingine, naye hakulitaja jambo hilo. Usaidi pia alinyamaza. Hakuchukua hata uzi katika mali ile; lakini siku ya pili aliwaona askari wakipakia ngamia, akafahamu, akarudi kwake akafunga mlango. Tangu hapo kila alipoinua pembe, mkono wake ulikuwa mzito.

Kisha akateuliwa Liwali Jubairi, mtu mcha Mungu, mwenye kufunga Jumatatu na Alhamisi. Mwaka wake wa kwanza mvua zikanyesha kupita kiasi. Wajenzi wakamjia wakamwambia kwamba ukuta wa bwawa umepata ufa, na huenda usihimili hata wiki moja. Liwali akamwita Usaidi. "Watangazie watu wa Bondeni wapande mlimani leo hii."

Usaidi akaenda, akapuliza, akanadi. Hakuna aliyefunga hata kikapu. Mjane mmoja muoka mikate, aitwaye Bibi Lubaba, akajifuta unga mikononi, akamwambia, "Usaidi mwanangu, mwaka ule maradhi, mwaka huu maji. Na mwakani mtatuambia mbingu imedondoka?"

Soko zima likacheka. Usaidi akarudi kwa Liwali ameinamisha kichwa.

Katibu wa Liwali akasema, "Watolewe kwa mijeledi, bwana. Ni kwa faida yao wenyewe."

Liwali akamtazama Usaidi. "Nawe wasemaje? Wewe wawajua."

Usaidi alimtaja Mola wake moyoni, kisha akasema, "Allah akuhifadhi, ewe Liwali. Watu hawa hawabishani na maji. Wanabishana na siku ile ambayo hakuna aliyeikiri."

"Siku ile mimi sikuwapo."

"Ni kweli, bwana wangu. Aliyeketi amebadilika. Kiti ni kile kile."

Katibu akaghadhibika, akasema serikali ikikiri kosa itadharauliwa. Liwali akasoma istighfari kwa sauti ndogo. Kisha akavaa viatu vyake akasema, "Inadharauliwa tayari. Twendeni sokoni."

Wakaenda kwa miguu. Usaidi akapuliza pembe, na watu walipomwona Liwali amesimama topeni, wakakusanyika. Usaidi akaanza yeye. "Enyi watu wa Ghadira! Siku mlipoibiwa, niliwaona askari wakipakia mali zenu. Nilijua, nikanyamaza. Nimemkosea Mola wangu, nimewakosea na nyinyi."

Liwali akasema, "Kiti nilichokalia ndicho kilichowadhulumu, nami nakiri kwa niaba yake. Siwaombi mniamini. Chagueni watu wenu waende wakauone ukuta kwa macho yao. Mkihama, wekeni walinzi wenu wenyewe majumbani. Askari wangu watatangulia mlimani bila silaha kuwajengea mahema, na mama yangu atakaa kati yenu."

Bibi Lubaba akajitanda shuka lake, akasema, "Nitakwenda mimi."

Akaenda na watu wanane. Walirejea kabla ya alasiri, naye ana tope hadi kwenye kiwiko, maana mkono wake aliuingiza ndani ya ufa. "Ni kweli," akasema. "Fungasheni."

Siku hiyo mtaa mzima ukahama. Kesho yake jua likawaka, mbingu nyeupe bila wingu. Siku ya pili vilevile. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba wamechezewa tena, na katibu akataka njia ya kuteremka ifungwe. Liwali akakataa, akasema, "Tuwe na subira. Tukiwafungia, tumerudi kule kule." Usaidi alizunguka mahemani akiwasihi wangoje. Lakini Bibi Lubaba aliwajibu waliolalamika, "Liwali sikumwamini. Naamini mkono wangu." Wakatulia.

Siku ya tatu, wakati wa dhuha, mvua kubwa ilishuka milimani, na ukuta wa bwawa ukabomoka. Maji yakapita Bondeni yakang'oa nyumba thelathini na nne. Walinzi waliochaguliwa walikwisha kupanda juu, kwa kuwa wajenzi waliwapungia bendera mapema. Hakupotea mtu hata mmoja, wala mtoto mchanga. Watu wakaporomoka kusujudu pale pale kwenye majani mabichi, Liwali miongoni mwao, hapana aliyejua nani yuko mbele na nani nyuma.

Maji yalipokauka, Usaidi alimwendea Bibi Lubaba kumtaka radhi.

"Nilikusamehe pale uliposema ulijua," akamwambia. "Lakini nawe usikasirike. Ukitangaza tena, nitakwenda tena kutazama."

Usaidi akalia, si kwa huzuni. Alimpelekea Liwali maneno hayo, na Liwali akanyanyua mikono akasema, "Alhamdulillahi, aliyetujaalia raia wanaokuja kututazama. Wangeweza kutuachia mji na kuondoka zao."

Ndugu zangu katika imani, neema hii tusiione ndogo. Imani ya watu kwa wakuu wao haiamrishwi. Hurejea polepole, na aliyeipoteza ndiye wa kwanza kutoka nje kuitafuta. Tumwombe Mola atupe ulimi wa kukiri kabla ya ulimi wa kuamuru, na atuwekee watu wasioona haya kutuuliza. Amin.