Kenge Aliyeomba Zamu ya Mayai

Jamani, nilete nisilete?

Lete!

Na chumvi nitie?

Tia, isizidi!

Hapo zamani za kale, kabla sijaota kipara, Mama Kanga alikuwa ameatamia mayai yake kichakani. Kiangazi kilikuwa kikali. Siku ya pili sasa hajanywa maji, na mto uko mbali. Akiondoka, mayai abaki nayo nani?

Ndege wa pale walikuwa na desturi yao. Mshika zamu alipewa chakula kwanza, akala mbele ya mwenye kiota mpaka akashiba, ndipo akaachiwa mayai.

Akaja Kenge, anatabasamu.

"Dada, nenda ukanywe. Nitalinda mimi."

"Ahsante, kaka. Mtama huu hapa, kula kwanza."

"Mtama wa nini, dada? Pori zima linaniamini! Muulize yeyote!"

Mimi hapo ningeshafika mtoni. Mama Kanga akasema, "Hayo nimeyasikia. Na mtama je?"

Kenge akatuna. "Babu yangu alilinda mayai ya mbuni. Mbuni, yule mkubwa! Wewe kakanga ka kichakani ndiyo unikague mimi?"

"Babu nimemsikia. Na mtama je?"

Kenge akaangua kilio. "Unanionea kwa sababu ya magamba yangu! Haya, kaa hapo ufe na kiu, watoto wazaliwe yatima. Chagua: mimi au kifo!"

Machozi, jamani! Kule Tabora niliwahi kununua dawa ya kipara kwa sababu muuzaji alilia. Nitazameni sasa, kinavyong'aa.

Mama Kanga naye koo lilimkauka. Akainua mguu mmoja, akatazama upande wa mto. Kisha akaurudisha chini.

"Pole, kaka. Machozi nimeyaona. Na mtama je?"

Kenge akaona hana pa kupita. Akatia punje mdomoni. Akatafuna, akakohoa, akatema.

"Hauteremki."

"Kumbe kwako huteremka nini?"

 Ulimi wa Kenge ukachomoza wenyewe, mrefu, ukaelekea kwenye mayai.

Mama Kanga akapiga yowe! Kanga wenzake, nao wakiatamia mayai yao, wakatoka kila kichaka, wakamdonoa Kenge mgongo na mkia, mpaka akapotea bondeni.

Jirani wa Mama Kanga, Kwale, akaja mbio kuuliza kuna nini. Akapewa mtama, akala mpaka tumbo likamvimba, akacheua. Hakusema hata neno moja la kujisifu. Mama Kanga akaenda, akanywa, akarudi. Mayai yote yalikuwapo, bado yana joto.

Basi wanangu, anayewabembeleza msikilizeni, adabu ni adabu. Akimaliza, jiulizeni: swali langu amelijibu? Wingi wa watu si jibu. Ukubwa wa babu si jibu. Kitisho si jibu, wala machozi, hata yakilowesha mkeka.

Ngano yangu imeshiba, imelala. Aliyebaki na njaa, mtama huu hapa.